Filme fupi: acha vitu viongee mbele ya akteri

Filme mingi za vijana hapa Goma ziko na shida moja, akteri anaingia, anasimama katikati ya kadre (picha ya kamera), anaanza kutuelezea maisha yake yote: nimefukuzwa kazi, bibi yangu hajui, roho inaniuma. Sasa kamera ulileta ya nini? Hiyo ungepeleka kwa radio tu.

Tuchukue huyo huyo baba. Mbele ya kuandika dialogi, andika vitu: amevaa nini, mkononi ameshika nini, nyuma yake kuko nini. Asubuhi anatoka kwake, kartie ya Ndosho, shati imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Piga viatu na kamera karibu kabisa, sekunde mbili zinatosha. Jioni anarudi, shati ni ile ile, lakini viatu vimejaa vumbi ya volkano mpaka kwenye pindo ya suruali. Mutu wa biro harudi hivyo, mutu wa Goma akiona anajua palepale kwamba huyu amezunguka kutwa nzima kwa miguu. Bibi anaangalia viatu, anaangalia uso, anamusogezea sahani ya bugali. Hakuna aliyesema kitu na sini, kile kipande ya filme, imeisha. Na tafadhali vumbi ikuwe ya kweli, mutembeze akteri kwa barabara, ile ya kumumwangia majivu inajulikana haraka.

Ukitaka aonekane amebanwa, usimupige uwanjani. Nyumba zetu za mbao milango yake ni midogo, weka kamera ndani, yeye asimame mlangoni, kuta za pande mbili zikule nusu ya picha. Boss wake kinyume, mupe nafasi na meza kubwa, kamera ishuke chini imuangalie toka chini kwenda juu. Ni mbinu ya zamani, kwa Citizen Kane, filme ya Amerika iliyotoka 1941, mwenye kuiongoza Orson Welles na timu yake walifikia kutoboa sakafu ya studio ili kamera ishuke zaidi, wewe weka telefone chini ya meza juu ya tofali, inatosha. Ila usifanye kwa kila mutu, hata muuza mandazi ataonekana dikteta.

Mwangaza njo kazi yenyewe. Tuko karibu na ekweta, saa sita ya mchana jua iko juu ya kichwa, macho yanaingia kwenye kivuli, mutu muzuri anaonekana sawa mwizi. Kama unataka mwizi, endelea. Kama hapana, piga asubuhi mapema ao kuanzia saa kumi, na repetisyo (mazoezi) ifanyike mbele ya hapo, kwa sababu kwetu jua ikianza kushuka karibu saa kumi na mbili giza haichelewe. Ndani ya nyumba funga madirisha yote, bakisha moja. Akteri akiigeukia, uso wote unafunguka, tunamuamini. Akisimama ubavu, nusu ya uso inabaki gizani, tayari iko na siri hata kama anacheka.

Shida ni telefone, inapima mwangaza yenyewe. Ukuta ya mawe ya volkano ni nyeusi, telefone inafikiri kuko giza, inaongeza, mbingu yote inakuwa nyeupe. Dirisha ikiwa nyuma ya mutu, uso unakuwa mweusi ti. Gusa uso kwenye ekrani, shikilia mpaka ijifunge, kisha shusha kidogo kale kajua kanaonekana pembeni. Na huyo akteri umuondoe kwenye ukuta hatua mbili tatu, asivae nyeusi, taa kidogo imuguse bega kwa nyuma, hapo huzuni itaonekana, si giza tupu.

Rangi sitasema mingi. Muchagulie mutu moja, halafu ilinde. Kama njano ni ya bibi, kikwembe chake njano, basi toa zile bidoni za njano zimejaa kwenye lupango (uwanja ya nyumba), ao jicho inapotea. Na chukudu, ile trotineti ya mbao ya kubebea mizigo, jamani, kila mutu anapitisha chukudu na volkano Nyiragongo nyuma ndiyo filme "ikuwe ya Goma". Kama haituambii kitu juu ya yule mutu, iache ipite.

Ukimaliza montaji (kuunganisha picha), zima sauti, onyesha mutu hajasoma senario, akuambie nani ni nani na kuko nini kati yao. Dialogi yote ya mambo aliyoyajua bila kusikia, ikate.