SOMO: Umemwaga spora za kangaga ukaota ukijani kama kuvumwani? Usitupe

Habari zenu wakuu. Kwa mgeni: kangaga ni ule mmea wa majani usiotoa maua (fern), spora ni ule unga wake wa kuzaliana, na kuvumwani ni ule ukijani laini kama zulia wa penye unyevu (moss). Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nikuelekeze hapa tu, maana wiki hii peke yake watu wanne wameniuliza kitu kile kile, "mwalimu nimemwaga unga wa kangaga kwenye kopo, miezi miwili imeota kuvumwani, nimetupa, nilikosea wapi?" Hukukosea popote, ulichotupa ndio kangaga lenyewe. Inaniuma kweli mtu kusubiri muda wote huo halafu anamwaga zimebaki wiki chache.

1. Tafuta jani lililokomaa, geuza chini uone madoa ya kahawia. Yakiwa ya kijani bado, yakiwa yamepasuka na kukauka spora zimeshaondoka. Huku Moshi kingo za mfongo (mfereji wa maji ya shamba) zimejaa makangaga, omba kihambani (shamba la nyumbani) kwa jirani, usiende kukata hifadhini.

2. Weka jani kwenye bahasha ya khaki siku mbili tatu mahali pakavu.

3. Mwaga vumbi kwenye karatasi nyeupe, inamisha, gonga gonga kwa kidole. Makapi yanateleza kwanza, unga laini unabaki. Unautaka huo unga.

4. Mboji iliyochekechwa na mchanga kidogo, mwagia maji yanayochemka, funika ipoe. Ukiruka hapa utapata kuvumwani ya kweli maana spora zake zinapeperuka na upepo kila mahali.

5. Nyunyiza unga kidogo sana juu, usifukie, funika kopo, weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja.

6. Subiri. Wiki 2 mpaka 6 unaona ukijani, miezi miwili mitatu unaona vijani bapa vyenye umbo la moyo vimelala kwenye udongo, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

7. MAJI JUU YA MIOYO. Hapa ndipo nilipoharibu mimi mwaka wangu wa kwanza. Niliogopa ukungu, nikawa nalaza kopo kwenye beseni linywe maji kwa chini na mfuniko naacha wazi, mioyo ikakaa mizuri ya kijani miezi mitano na hakuna kangaga hata moja. Sikujua kwamba kile kimoyo ndicho chenye viungo vya uzazi, chini yake kuna sehemu inayotengeneza mbegu za kiume na sehemu yenye yai, na ile mbegu ya kiume inaogelea kabisa, ina vimkia vingi, inahitaji utando wa maji ili ifike kwenye yai, bila maji inafia pale pale wakati yai liko milimita chache tu mbele yake. Kwahiyo mioyo ikishatokea pulizia maji kama umande mpaka uone inang'aa, funika, rudia kila baada ya siku chache. Tumia maji ya mvua uliyochemsha yakapoa, ya bomba mabichi yanaleta mwani. Usimwage kwa kikombe, utaing'oa. Usiitenganishe mmoja mmoja, iache kwenye mafungu mbegu za huyu zifike kwa yule. Na usianike juani "ipate nguvu", saa moja inatosha kuiua.

8. Kijani kidogo kikisimama kutoka kwenye mkato wa moyo, hilo ndilo kangaga. Likiwa na majani matatu manne hamisha, na mfuniko ufungue kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Sasa kwanini inafanana na kuvumwani? Kwasababu mimea hii yote ina maisha mawili yanayopokezana, Mjerumani Wilhelm Hofmeister alilionyesha hili mwaka 1851. Kuna mwili unaotoa mayai na mbegu za kiume, na mwili unaotoa spora. Kwa kuvumwani lile zulia unalolikanyaga ndilo mwili wa mayai, na ule wa spora ni kile kijiti chenye kikopo juu kinachosimama juu ya mama yake na kunyonya kwake mpaka kinakufa. Kwa kangaga imegeuka, mwili wa spora ndio mkubwa, unajitegemea, una mishipa ya zailemu inayopandisha maji na floemu inayoshusha chakula, ndio maana makangaga-miti ya msitu wa Kilimanjaro yanafika mita kadhaa wakati kuvumwani nyingi hazivuki kiganja. Kile kimoyo ni ile hatua ya mayai, imebaki ndogo.

MASWALI

Baba Neema: Sijasoma yote niko kwenye daladala. Kwahiyo ukijani ukitokea nimwage nianze upya?
Jibu: Soma kichwa cha somo kaka.

Mama Kitalu: Langu lina majani kama nywele na limeweka vitunda vyekundu, spora ziko wapi?
Jibu: Dada hilo si kangaga, ni asparagasi. Kangaga halitoi ua wala tunda kamwe. Toa mbegu kwenye vile vitunda, oteshea kama nyanya.

Njiro88: Mimi nimefuata kila kitu, makangaga ya kuning'inia, mara tatu hayaoti. Somo lako lina kasoro.
Jibu: Somo halina kasoro, umepanda aina nyingine. Mengi ya yale ya kuning'inia yenye majani yaliyojikunja yamechaguliwa kwa uzuri na spora zake hazioti vizuri. Tafuta vile vikamba vinavyotambaa kutoka shinani, vikandamize kwenye udongo, vitatoa mche.

Mwanafunzi wa Usa River: Mwalimu samahani, kama kangaga lina mishipa kama mwembe kwanini bado linategemea maji kuzaa?
Jibu: Swali zuri sana mwanangu. Mishipa iko kwenye mwili mkubwa tu, kimoyo hakina, kinanywa kwa mwili mzima kama kuvumwani. Mwembe umeubana ule mwili wa mayai ndani ya ua, na wa kiume ni chavua, chavua inaota mrija mpaka kwenye yai kwahiyo haihitaji mvua. Na kuna walio katikati, mwaka 1896 Mjapani Hirase aliona mbegu za kiume za ginko (mti wa asili ya China) zinaogelea ingawa mti unatoa mbegu. Misikasi ya kwenye bustani za hoteli, ile inayofanana na minazi mifupi, nayo iko hivyo.

Mama Kihamba: Mie shida yangu kuvumwani ya uani, mtoto ameteleza.
Jibu: Pole mama. Haina mizizi, ina vinyweleo tu vya kujishikiza, brashi ngumu inaitoa. Lakini zoa vipande vyote, kila kipande kinaota upya, na ziba maji yanayovujia hapo.

Mwanafunzi wa Usa River: Shule yetu hadubini ni moja, kimoyo nitakionaje?
Jibu: Laza simu kifudifudi, weka tone dogo la maji kwenye lenzi ya kamera, igeuze taratibu tone lining'inie, sogeza karibu sana na kimoyo mpaka kionekane vizuri. Tone liwe dogo lisimwagikie simu. Ukipata picha iweke hapa, nitakuonyesha mkato uko wapi.