Fikasi inapukutisha majani baada ya kuhama? Usikimbilie maji

Kama umehama na fikasi yako ya sebuleni imeanza kupukutisha majani mpaka unafagia kila asubuhi, usiitupe jamani. Naongelea ile Ficus benjamina ya majani madogo yanayong'aa, ni ndugu wa mkuyu kabisa ila haipendi kubadilishiwa mwanga. Majani yale yalizoea mwanga wa nyumba ya zamani, sasa mti unayaangusha ili utoe mengine yanayofaa hapo ulipo. Wengi wanaua mti hapa hapa, wanaona majani yanadondoka wanadhani ni kiu wanamwagia kila siku, wakati mti usio na majani unakunywa maji kidogo sana, matokeo yake mizizi inaoza.

Kwanza hakikisha mti uko hai. Kwangua gome kwa kucha, chini yake kukiwa kijani basi upo. Ukikuta pakavu, rangi ya kahawia, shuka chini kidogo ukwangue tena, maana tawi linaweza kufa nchani na shina likawa zima.

Halafu mwanga, hapa ndo penyewe. Mti ukiwa na shina refu jembamba na majani juu tu ujue ulikuwa unautafuta mwanga, kwa hiyo ukiurudisha kwenye kona yenye giza nyuma ya kochi utafanya vilevile. Dirisha la mashariki ndo zuri zaidi, jua la asubuhi halina ukali. Kwa sisi wa Dar dirisha la kaskazini linapata jua mwezi wa sita, ila mwezi wa kumi na mbili jua limeshahamia kusini, so usishangae mti ukabadilika. Magharibi weka pazia jepesi. AC isiupige kabisa. Ukishapata sehemu uache palepale, usiuzungushe nyumba nzima kila ukiona jani limedondoka.

Maji ni mpaka uingize kidole na kukuta udongo wa juu umekauka, hapo mwagia mpaka yatoke chini, yaliyobaki kwenye sahani mwaga. Mbolea bado. Chungu usibadilishe sasa hivi, labda uwe unasikia harufu ya mizizi kuoza.

Kukata subiri uone vichipukizi. Ukiviona, kata juu kidogo ya kovu la jani, ncha ikiondoka macho ya chini, yaani vile vichipukizi vilivyolala, yanaamka na mti unajaa, ila usiondoe zaidi ya theluthi kwa mara moja. Mti utatoa utomvu mweupe, unawasha ngozi na ni sumu kwa paka na mbwa, tandika gazeti na ufute kwa kitambaa kibichi.

Ncha ulizokata usitupe. Toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wenye mchanga uliolowa, weka kivulini. Zitakazoshika zipande kwenye chungu kilekile, pembeni ya shina, pale chini palipo wazi pajae.