Jinsi ya Kupanga Safari ya Kwanza ya Gari-Nyumba Katika Pwani ya Ufaransa

Pwani ya Ufaransa bara ina urefu unaozidi kilomita 5,000, nayo inapakana na maji ya aina tatu zisizofanana: Mlango wa Bahari wa La Manche upande wa kaskazini, Bahari ya Atlantiki upande wa magharibi, na Bahari ya Mediterania upande wa kusini. Anayeitazama ramani kwa mara ya kwanza hushawishika kuchora mstari mmoja kutoka Calais, kaskazini, hadi Menton, kusini-mashariki, lakini kwa muda wa wiki mbili ambao wengi huwa nao, mpango wa namna hiyo humgeuza msafiri kuwa dereva wa masafa marefu anayeiona bahari kupitia kioo cha mbele tu. Chagua kipande kimoja, kisha anza kupanga kwa kuuliza utalala wapi kabla ya kuuliza utaona nini. Gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, humpa mtu uhuru mkubwa mchana, ilhali usiku hubanwa na sheria, na ukubwa wake, na wingi wa magari mengine yanayotafuta nafasi ileile.

Kila kipande kina tabia yake. Normandie ina majabali meupe ya Étretat, fukwe tano ambako majeshi ya Washirika yalishuka tarehe 6 Juni 1944, na kisiwa cha Mont-Saint-Michel mpakani mwake na Bretagne, rasi ya kaskazini-magharibi. Kwenye Atlantiki, kuanzia Vendée hadi Landes, pwani kwa sehemu kubwa ni tambarare, yenye mchanga mrefu na misitu ya misonobari, na njiani utakutana na Dune du Pilat, kilima cha mchanga chenye kimo cha zaidi ya mita 100. Mediterania huvutia kwa jua lake, lakini katika Côte d'Azur, upande wake wa mashariki, barabara ni nyembamba, magari ni mengi, na nafasi za kuegesha gari refu ni adimu. Upande wa magharibi, karibu na Gruissan na Leucate, nafasi ni nyingi zaidi, ila upepo wa tramontane unaweza kulitikisa gari usiku kucha.

Kwa safari ya kwanza ninapendekeza Bretagne bila kusita. Barabara zake kuu hazina ushuru, zikiwemo zile za njia nne zinazopita kaskazini na kusini mwa rasi hiyo, na miji midogo mingi imetenga maeneo ya magari-nyumba. Umbali kati ya kivutio kimoja na kingine ni mfupi pia, kiasi kwamba kilomita 100 kwa siku zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo utakuwa unaendesha wakati ambao ungepaswa kuwa unatembea.

Majira yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Julai na Agosti ni likizo ya shule, na karibu nchi nzima huelekea baharini. Huduma ya serikali iitwayo Bison Futé hutangaza hali ya barabara kwa rangi, kuanzia kijani hadi nyeusi, na siku za Jumamosi zenye rangi nyeusi ni afadhali ubaki ulipo. Juni na Septemba zina mwanga wa kutosha, bei nafuu, na nafasi hata kwa anayefika saa kumi na moja jioni. Kati ya Novemba na Machi kambi nyingi za watalii hufungwa, na vituo vingi vya maji hufungwa pia ili mabomba yasipasuke kwa baridi.

Kuhusu gari lenyewe, leseni ya daraja B hukuruhusu kuendesha gari lisilozidi tani 3.5 kwa uzito wa juu ulioidhinishwa. Uzito huo hujumuisha watu, mizigo, baiskeli na maji, na kila lita ya maji ni kilo nzima, kwa hiyo tanki la lita 100 lililojaa ni sawa na abiria mnene asiyelipa nauli. Kwa watu wawili, gari la umbo la vani lenye urefu wa takriban mita 6 linatosha, maana linaingia katika vijiji vya zamani ambavyo gari pana la mita 7 hulazimika kuviangalia kwa mbali. Anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, ikiwa leseni yake haikuandikwa kwa Kifaransa, kwa kawaida huhitaji iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha gari au tafsiri rasmi ya Kifaransa. Anayehitaji viza ya Schengen aombe angalau siku 15 kabla ya safari, akiwa na bima ya matibabu ya kiwango kisichopungua euro 30,000 na uthibitisho wa mahali pa kulala. Hapo ndipo nafasi za kambi zilizohifadhiwa mapema zinapomfaa.

Siku ya kukabidhiwa gari usiwe na haraka. Piga picha kila upande pamoja na paa, uliza kiwango cha amana, na usome kama bima inagharimia paa, kwa kuwa matawi na vizuizi vya kimo ndivyo vinavyoliharibu zaidi. Andika kimo, upana na urefu wa gari kwenye karatasi na uibandike mbele ya usukani. Hakikisha kuna fulana ya kuakisi mwanga iliyo karibu na mkono na pembetatu ya tahadhari, kwani vyote viwili ni lazima kisheria.

Sasa suala la kulala, ambalo ndilo moyo wa mpango. Ufaransa ina maelfu ya maeneo yaitwayo aire de camping-car, ambayo mengi humilikiwa na halmashauri za miji. Baadhi ni ya bure, mengine hutoza euro chache au zaidi kwa usiku, na kwa kawaida utakuta mahali pa kuchota maji safi, kumwaga maji machafu na kusafisha choo. Hayana anasa, na magari hukaa karibu karibu, lakini mara nyingi yako umbali wa kutembea hadi bandari au duka la mkate. Yale ya mtandao wa Camping-Car Park huingiwa kwa kadi na kizuizi cha kujiendesha, na unaweza kuona nafasi zilizobaki kwa simu. Kambi za manispaa, camping municipal, zina bafu, umeme na kivuli kwa bei ya wastani, nami nazithamini kuliko kambi kubwa zenye mabwawa na miteremko ya maji, ingawa wenye watoto huenda wasikubaliane nami. Kuna pia utaratibu wa France Passion, ambamo mwanachama hukaribishwa kulala usiku mmoja bila malipo katika mashamba ya mizabibu, jibini au chaza. Hulazimiki kununua, lakini ni adabu kumsalimu mwenyeji unapofika na unapoondoka.

Kulala popote penye mandhari nzuri ni jambo jingine. Sheria ya Ufaransa inakataza kupiga kambi kwenye ufuo wa bahari na katika maeneo ya asili yanayohifadhiwa, na halmashauri za pwani mara nyingi huongeza mabango yanayokataza magari-nyumba usiku. Kuegesha na kupiga kambi ni mambo mawili tofauti: gari lililo juu ya magurudumu yake, bila turubai la kivuli lililokunjuliwa, bila viti nje na bila vipande vya kusawazishia magurudumu, limeegeshwa, ukitoa meza tu, umepiga kambi. Hata kuegesha hakuna budi kuwe mahali panaporuhusiwa, na gari likikaa sehemu moja ya barabara ya umma kwa zaidi ya siku 7 mfululizo huhesabiwa kosa. Karibu na fukwe utaona nguzo za kuzuia magari yenye kimo kikubwa, zilizowekwa kwa takriban mita 2, na hizo zinajieleza zenyewe.

Panga kila usiku ukiwa na mahali pa kwanza na pa akiba, vyote viwili ndani ya nusu saa, na ufike kabla ya saa kumi jioni katika majira ya watu wengi. Usihifadhi nafasi za safari nzima; hifadhi usiku wa kwanza, wa mwisho, na zile za Jumamosi, ili mvua ikikufukuza kaskazini uweze kuhama.

Kazi za ndani ya gari hujifunzwa kwa siku mbili. Kaseti ya choo, yaani chombo kinachokusanya uchafu wake, ina ujazo wa takriban lita 17 hadi 20, na kwa watu wawili hujaa baada ya siku mbili au tatu. Humwagwa katika shimo lililotengwa tu, kamwe si katika mfereji wa mvua. Mashine nyingi za maji hukubali sarafu, kadi, au jetoni, yaani sarafu maalumu ya mashine, inayonunuliwa ofisi ya utalii au dukani, hivyo inunue mchana kabla ya kufungwa. Umeme wa kambi hupimwa kwa ampia, na panapotolewa ampia 6 huwezi kupata zaidi ya wati 1,380 kwa volti 230. Birika la wati 2,000 litakata umeme. Gesi ya butani haitoki vizuri baridi inapokaribia nyuzi 0, kwa hiyo msafiri wa msimu wa baridi achukue propani.

Barabarani, mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa mijini, kwa kawaida 80 katika barabara za njia mbili zisizo na kitenganishi (baadhi ya mikoa imerudisha 90), 110 katika barabara za njia nne na 130 katika zile za mwendokasi, ambazo hushuka hadi 110 mvua inaponyesha. Mahali pasipo na alama, anayetoka kulia ana haki ya kupita kwanza, hata kama njia yake ni kichochoro. Jambo hili huwashtua wageni kila mara. Vifaa vya kutambua kamera za mwendo haviruhusiwi, wala visikizi vya masikioni. Ukitumia barabara za ushuru, gari lenye kimo cha kati ya mita 2 na 3 na lisilozidi tani 3.5 hulipa daraja la 2, na lililozidi mojawapo ya hivyo hupanda daraja la 3. Jaza dizeli, iitwayo gazole, katika vituo vya maduka makubwa kama Leclerc au Intermarché, kwa sababu ile ya barabara za mwendokasi ni ghali zaidi. Maduka mengi hufungwa Jumapili mchana, basi fanya manunuzi Jumamosi.

Bahari yenyewe ina ratiba yake, nayo ni muhimu kuliko ya kwako. Katika ghuba ya Mont-Saint-Michel tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa inaweza kukaribia mita 14 wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na majedwali ya Kifaransa huonyesha ukubwa huo kwa namba kati ya 20 na 120. Inapozidi 95 ni bamvua kubwa, na hapo eneo la kuegesha lililo karibu na maji si la kulala. Usivuke mchanga wa ghuba hiyo bila kiongozi. Kusini zaidi, barabara ya Passage du Gois inayoelekea kisiwa cha Noirmoutier, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, hufunikwa na maji mara mbili kwa siku. Hupitika takriban saa moja na nusu kabla na baada ya maji kupwa kabisa, na aliyechelewa atumie daraja. Katika fukwe za Gironde na Landes mawimbi huchimba mabwawa yaitwayo baïnes, ambayo hutoa mkondo mkali wa kuelekea baharini, hivyo ogelea tu kati ya bendera ambako kuna waokoaji.

Kwa siku kumi za Bretagne, chukua gari Rennes, mji unaofikika kwa treni ya kasi kutoka Paris kwa takriban saa moja na nusu. Anza Saint-Malo, ukizunguka kuta za mji kwa miguu baada ya kuegesha nje, kisha Cap Fréhel na majabali yake, halafu Ploumanac'h kwenye miamba ya rangi ya waridi. Roscoff ni mahali pazuri pa kupumzika na kufua nguo. Rasi ya Crozon inastahili usiku mbili au tatu, kwa sababu fukwe zake zimejificha na njia ya miguu ya GR34 hupita juu ya bahari; Pointe du Raz nayo hutosheka kwa asubuhi moja. Malizia kwa Concarneau na mawe ya kale ya Carnac, yaliyo karibu na ghuba ya Quiberon.

Usiku wa mwisho lala mahali palipo chini ya saa moja kutoka kituo cha kurudishia gari, tena penye huduma ya maji. Asubuhi mwaga maji machafu, osha kaseti, jaza mafuta hadi kiwango cha mkataba, fagia sakafu, kisha piga picha zile zile ulizopiga siku ya kwanza, pamoja na ya paa, kabla hujakabidhi funguo.