Shada la Krismasi la mlangoni kwa matawi ya saipresi

Desemba hapa Nakuru jua huwaka na upepo hukausha. Shada lililo kivulini hubaki kijani wiki moja na zaidi. Linalopigwa na jua la mchana huchakaa kwa siku chache. Kwa hiyo kila hatua hapa ni ya kutunza maji yaliyo ndani ya majani.

Andaa henga moja ya waya, mita 5 za waya mwembamba wa kufungia, koleo, mkasi wa kupogolea na ndoo ya maji.

Hatua ya 1: Kata asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Unahitaji vijitawi 42 vya sentimita 15. Vitoe huku na huku kwenye ua wako wa saipresi, na kila unapokata uache majani ya kijani nyuma ya mkato, kwa sababu saipresi haichipui tena kwenye tawi kuukuu lisilo na majani. Pengo utakaloacha litabaki pengo. Ruka sehemu zenye kahawia: mara nyingi ni kazi ya wadudu wadogo waitwao vidukari vya saipresi, walioingia Kenya mwaka 1990, na majani hayo yatapukutika mikononi. Msitu wa serikali usiuguse bila kibali.

Hatua ya 2: Loweka vijitawi usiku kucha, kisha vikung'ute.

Hatua ya 3: Kunja henga iwe duara la upana wa sentimita 30. Ndoano yake ibaki juu; ndiyo ya kutundikia.

Hatua ya 4: Hapa ndipo wengi huharibu. Funga mwanzo wa waya kwenye duara, na usiukate hadi umalize. Panga vijitawi vitatu pamoja, vilaze juu ya duara, zungusha waya mara tatu kwenye vikonyo na uvute hadi uzame kidogo kwenye gome. Vikonyo hunywea vikikauka, na fungu lililolegea leo litaning'inia kesho kutwa. Fungu la pili lielekee upande uleule, lifunike vikonyo vya la kwanza, na kila fungu likae sentimita 7 mbele ya lililotangulia. Mafungu 14 yanamaliza duara. Vikonyo vya mwisho visukume chini ya ncha za fungu la kwanza, ndipo ukate waya.

Hatua ya 5: Ongeza rangi kwa bogenvilia au vishada vya matunda mekundu ya mti wa mpilipili (si pilipili ya kula). Poinsetia inapendeza, lakini utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho. Vaa glavu, na weka mbali na watoto wadogo.

Nyunyizia maji kila jioni, nyuma ya shada hasa, kwenye vikonyo. Mishumaa na jiko la makaa visikaribie: saipresi kavu ina mafuta na hushika moto upesi. Kisumu joto ni kali zaidi, basi fungeni shada tarehe 23, si mapema.