Jinsi ya kujua Impala ni ya mwaka gani, anza kwa kuangalia nyuma

Watu wengi wakiona Chevrolet Impala ya zamani wanasema tu "hiyo ni sitini na nne", kila Impala kwao ni ya 1964, na mi inaniuma kidogo kwa sababu hii gari ilikuwa inabadilika shepu karibu kila mwaka na ukishajua pa kuangalia huwezi kukosea kirahisi. Na ni gari letu kwa jina, impala ndo swala pala, yule yule unayemuona Mikumi akiruka barabara, jina limetoka kwa Wazulu, ndo maana kwenye beji kuna swala anaruka.

Sasa usianze mbele. Watu wanakimbilia grili na taa za mbele, we zunguka nyuma kwanza.

Impala ya kwanza kabisa ni ya 1958, mwaka huo haikuwa hata modeli inayojitegemea, ilikuwa toleo la juu kabisa la Bel Air, modeli nyingine ya Chevrolet, na ilitoka ya milango miwili tu, yenye paa la kudumu au la kukunja. Hesabu taa za nyuma: tatu za duara kila upande, jumla sita. Bel Air ya kawaida ya mwaka huo ina mbili mbili. Hizo taa sita ndo zikawa alama ya Impala kwa miaka mingi, kwa hiyo shika hapo.

1959 huihitaji mwongozo. Mabawa ya nyuma yamelala flati kama popo kafungua mbawa, chini yake taa moja moja kila upande, imechongoka kama jicho la paka au tone la chozi. Mwaka huo ndo Impala ikajitegemea na milango minne ikaja. Wapo wanaosema ni mbaya, mi naona ndo nyuma nzuri kuliko zote walizowahi kuchora Marekani, ukisimama nayo karibu jioni taa zikiwaka unaweza ukakaa nusu saa unaangalia tu.

1960 mabawa bado yapo ila yametulia, taa tatu tatu zimerudi. 1961 mabawa kwisha, taa tatu tatu zimebaki, na ile ya milango miwili ina paa jembamba vioo vikubwa, wenyewe wanaiita babotopu. Hapo 1961 ndo SS ilipoanza, yaani Super Sport, Impala ya kimichezo, na zilitoka 453 tu, kwa hiyo mtu akikwambia anayo ya 61 SS muulize makaratasi kabla hujashangilia.

1962 na 1963 zinasumbua, zote zimenyooka nyuma, taa tatu tatu zimepangwa mstari mmoja. Hapo usibishane na mtu, nenda kwenye namba, nitaeleza hapo chini. 1964 ni rahisi: kuna mstari wa kromu umepita juu ya taa na kushuka pembeni, kama herufi U iliyopinduliwa, na kona za bodi zimekuwa laini.

1965 gari jipya lote, limejaa limekuwa mviringo, taa tatu tatu za duara zimejitokeza, kila moja peke yake. Mwaka huo ziliuzwa zaidi ya milioni moja, mwaka mmoja jamani, modeli moja. 1966 duara kwisha, taa ni za mstatili. 1967 kiuno kama chupa ya Coca-Cola. 1968 taa zina umbo la kwato la farasi na zimeingia ndani ya bampa, na ubavuni kuna vitaa vidogo maana sheria ya Marekani ilianza kuvidai mwaka huo.

Haya, namba ya chasisi. Mpaka 1967 fungua mlango wa dereva, ambao ni wa kushoto, angalia kwenye nguzo ya bawaba, kuna kibati kidogo. Kuanzia 1968 kipo juu ya dashibodi, unakisoma kupitia kioo cha mbele. Kwa 1960 hadi 1964 tarakimu ya kwanza ndo mwaka, ikianza na 2 ni 1962, ikianza na 3 ni 1963, ubishi umeisha. Mfano 41847: 4 ni 1964, 18 ni Impala ya V8, yaani injini ya silinda nane, 47 ni ya milango miwili isiyo na nguzo katikati ya vioo. Kuanzia 1965 mpangilio umebadilika, mfano 164375: 1 ni Chevrolet, 64 ni Impala ya V8, 37 milango miwili, na hiyo 5 ya mwisho ndo mwaka. Herufi inayofuata ni kiwanda, L ni Van Nuys, J ni Janesville, F ni Flint.

Hii namba iliniokoa. Nilienda kuangalia ya 64, muuzaji anasema SS, beji zote zipo, viti vya mbele viwili vya kujitenga, gia katikati, nimeshaanza kuhesabu hela kichwani. Nikapiga magoti mlangoni nikafuta vumbi kwa kidole, nikasoma 41847. SS ya V8 ya 1964 lazima iwe 414, sio 418. Beji zinanunuliwa, viti vinahamishwa. Ila kuwa makini, 1961 mpaka 1963 SS ilikuwa kifurushi cha kuongezea tu na namba haioneshi kama ni SS, hapo bila makaratasi usilipe bei ya SS.

Mwisho lala chini na tochi. Ya 1958 hadi 1964 chasisi ina umbo la X, haina chuma cha pembeni kabisa, kuanzia 1965 chasisi inazunguka pembeni. Ukikuta tofauti na hapo ujue bodi imehamishwa. Gusa kutu pale X inapokutana, pitisha sumaku chini ya milango, isiponasa hapo ni puti sio bati. Na hiyo X isikupe moyo wa kukimbia barabara kuu: 2009 Wamarekani waligonganisha Bel Air ya 1959, yenye chasisi ya aina hiyo hiyo, na Chevrolet Malibu mpya, ile ya zamani ikajikunja mpaka kwenye kiti cha dereva. Ukiipata, weka mikanda ya usalama kwanza ndo upige rangi.