Namna ya Kupima Athari ya Kolesteroli ya Utando kwa Pampu ya Dawa, P-glikoprotini

P-glikoprotini, ambayo Juliano na Ling waliieleza mwaka 1976 walipochunguza seli za ovari za hamsta zilizokuwa sugu kwa dawa ya kolkisini, ni protini inayotumia ATP, molekuli ya nishati ya seli, kusukuma dawa nje ya seli. Pampu hii huzinasa dawa nyingi zikiwa bado ndani ya tabaka la lipidi (mafuta) la utando wa seli, kabla hazijafika kwenye saitoplazimu, na kwa hiyo anayechunguza usugu wa saratani hawezi kuitenga pampu hii na utando unaoizunguka. Ugumu ni kwamba kolesteroli, ambayo ni sehemu ya utando huo, ikipungua, mambo mawili hubadilika kwa pamoja: utendaji wa protini yenyewe, na kasi ambayo dawa hupenya utando bila kuhusika kwa pampu. Jaribio lisiloyatenganisha mawili haya halina thamani kubwa, hata matokeo yake yakivutia kiasi gani.

Anza na jozi ya seli za MDCK, ambazo asili yake ni figo ya mbwa: kundi moja liwe limepandikizwa jeni ya binadamu ya MDR1, inayotengeneza P-glikoprotini, na jingine libaki bila jeni hiyo. Kumbuka kwamba hata kundi la pili lina kiasi kidogo cha pampu ya mbwa. Ziondolee seli seramu, maana seramu huleta kolesteroli yake, kisha ziweke katika methili-beta-siklodekstrini ya milimola 5 kwa nyuzi 37 za Selsiasi kwa nusu saa. Molekuli hii ya sukari yenye umbo la pete huichomoa kolesteroli kutoka kwenye utando. Andaa pia seli ambazo, baada ya kupunguziwa, zinarudishiwa kolesteroli kwa siklodekstrini iliyokwisha kushiba kolesteroli. Kundi hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu athari isiyorekebika kolesteroli inaporudi huenda ikawa ni madhara ya kemikali tu. Pima kolesteroli iliyobaki, uhai wa seli kwa tripani buluu (rangi inayoingia katika seli zilizokufa), na kiwango cha ATP, kwani pampu iliyokosa nishati huonekana kana kwamba imezuiwa na lipidi.

Kwa kipimo chenyewe, napendelea kemikali ya kalseini-AM kuliko rodamini 123, rangi inayong'aa ambayo hujikusanya katika mitokondria na hivyo kubeba athari za volteji ya mitokondria. Kalseini-AM haing'ai, P-glikoprotini huitoa ikiwa ingali kwenye utando, na ile inayoponyoka hukatwa na esterasi, vimeng'enya vya ndani ya seli, na kuwa kalseini, ambayo hung'aa na ambayo pampu hii haiitoi. Soma mng'ao karibu na nanomita 515 kwa vipindi vifupi, katika sampuli zenye verapamili ya kutosha kuizuia pampu na katika zisizo nayo, kisha kokotoa kasi ya kupanda kwa mng'ao.

Kasi inayopatikana pampu ikiwa imezuiwa huonyesha upenyaji pamoja na kazi ya esterasi. Ikiwa kasi hiyo imebadilika baada ya kolesteroli kupungua, usidai kwamba protini imeathirika. Linganisha kwanza uwiano wa kasi mbili, yaani yenye kizuizi na isiyo nacho, katika kila kundi la seli. Uwiano ukishuka katika seli zenye MDR1 na kupanda tena kolesteroli inaporudishwa, hapo una hoja, ingawa bado si ushahidi kamili.

Ushahidi wa karibu zaidi hupatikana kwa kuisafisha protini na kuipandikiza katika vilengelenge vya lipidi ulivyovitengeneza mwenyewe, vyenye kolesteroli na visivyo nayo. Pima fosfati inayotolewa ATP inapovunjwa, ukihesabu ile sehemu tu inayozuiwa na vanadati, kemikali inayoisimamisha pampu. Matokeo yapange kwa kufuata mkusanyiko wa dawa ndani ya lipidi, si majini peke yake, kwa sababu dawa inayoyeyuka zaidi katika utando huonekana kushikamana na pampu kwa nguvu zaidi kuliko ilivyo kweli.