Lenzi Ipi kwa Kazi Ipi: Anza na Picha Zilizokushinda

Kabla hujatoa pesa ya lenzi nyingine, pitia picha zako zilizoharibika. Kamera huandika ndani ya kila faili milimita za lenzi, namba ya f (ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga), kasi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia) na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), na karibu kila programu ya picha huonyesha taarifa hizo. Picha hamsini mbaya zitakueleza vizuri zaidi unachopungukiwa kuliko tangazo lolote. Ukikuta nyingi zimepigwa kwa 55 mm kwenye lenzi ya 18–55 na bado mhusika ni mdogo, lenzi yako haifiki mbali vya kutosha. Zikiwa zimeng'ang'ania 18 mm na watu wa pembeni wamekatwa, unahitaji lenzi pana. Ukiona f/5.6, ISO 6400 na 1/20 zikijirudia, tatizo lako ni mwanga, na zumu ndefu ya bei nafuu haitakusaidia.

Kisha kuza kila picha yenye ukungu hadi asilimia 100 na uangalie ukungu umekaa wapi, kwa sababu ukungu una vyanzo vitatu na kila kimoja kina dawa yake.

Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, pamoja na ukuta na meza, mkono wako ulitikisika. Ongeza kasi ya shata, washa kidhibiti mtikisiko au tumia tripodi. Kama ukuta uko safi lakini watu wamefifia, watu ndio waliosogea. Hapa wengi hukosea na kununua lenzi yenye kidhibiti mtikisiko, ambacho hakiwezi kumzuia mtu anayecheza. Kinachotakiwa ni shata ya haraka, na shata ya haraka inadai mwanga zaidi. Kama sikio linaonekana vizuri na jicho limefifia, fokasi ilikosea. Weka nukta moja ya fokasi juu ya jicho, au washa utambuzi wa macho kama kamera inao, na funga tundu kidogo, kutoka f/1.8 hadi f/2.8. Hakuna lenzi ya kununua hapo.

Namba za kuelewa kabla ya dukani

Milimita hazina maana kamili mpaka ujue ukubwa wa kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Kihisi kamili ni 36 × 24 mm. Cha APS-C ni kidogo, hivyo zidisha milimita kwa 1.5 (kwa Canon ni 1.6), cha Micro Four Thirds zidisha kwa 2. Lenzi ya 50 mm kwenye APS-C inaona sawa na 75 mm, au 80 kwa Canon. Namba hiyo hiyo ndiyo inayokupa kasi ya chini ya kupigia kwa mkono: 50 mm kwenye APS-C inataka angalau 1/80, na 200 mm inataka takriban 1/320. Kidhibiti mtikisiko kinakuruhusu kushuka chini ya hapo, ila kwa vitu visivyotembea tu.

Tundu la lenzi hupimwa kwa namba ya f, na mpangilio wake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila hatua kwenda juu hupunguza mwanga kwa nusu. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unakaribia kuwa mara kumi, kwa hiyo palipokuwa na 1/20 sasa unapata karibu 1/200 bila kugusa ISO. Ndiyo maana lenzi ndogo ya 50 mm f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa kila aina ya kamera, huwa ununuzi wa kwanza wenye faida kwa anayetumia lenzi iliyokuja na kamera.

Ukumbini na usiku

Lenzi inayozoeleka ni 24–70 mm f/2.8. Ni nzito na ghali. Lenzi mbili zisizo na zumu, 35 mm f/1.8 na 85 mm f/1.8, hufanya kazi hiyo na huingiza mwanga zaidi ya mara mbili, mradi uwe tayari kusogea kwa miguu. Anza na f/2.2, 1/200 kwa watu waliosimama wakizungumza na 1/500 kwa wanaocheza, na ISO ya otomatiki yenye kikomo cha 6400. Chembechembe za ISO hupunguzwa kwenye kompyuta. Ukungu wa mwendo hauponi.

Fleshi usiielekeze usoni. Igeuze juu, kidogo nyuma yako, igonge dari jeupe lililo karibu. Dari la mbao au lenye rangi litapaka ngozi rangi yake, na dari la juu sana litakula mwanga wote. Kasi ya shata isizidi ile ya kulingana na fleshi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Ukizidisha, utaona ukanda mweusi ukikata picha: pazia la shata limeshaanza kufunga wakati fleshi inawaka.

Sura za watu

Pua kubwa na masikio yaliyorudi nyuma hutokana na umbali, wala si lenzi yenyewe. Simama mita 1.5 hadi 2.5 kutoka kwa mtu, halafu chagua milimita zitakazojaza fremu kutoka hapo: 85 mm kwenye kihisi kamili, 50 au 56 mm kwenye APS-C. Kwa 85 mm, f/1.8 na mita 2, eneo linaloonekana kali kwenye kihisi kamili lina kina cha sentimita 6 hivi. Mtu akiinama kidogo baada ya fokasi kushika, jicho limeshatoka nje. Kwenye f/4 kina kinafika kama sentimita 13, na mandharinyuma bado yanalainika kama yako mbali naye. Kundi la safu mbili linataka f/5.6 au f/8, fokasi ikiwa kwenye macho ya safu ya mbele.

Mandhari, na filta zake

Lenzi pana (16–35 mm kwenye kihisi kamili, 10–18 mm kwenye APS-C) huvifanya vya mbali vionekane vidogo, hivyo bila kitu cha karibu mbele, jiwe au ukingo wa maji, picha hubaki uwanja mtupu. Piga f/8 au f/11. Ukifunga tundu hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali, mwanga hupinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika.

Filta ya polaraiza ndiyo pekee ambayo kompyuta haiwezi kuiga vizuri, maana huondoa mng'ao kwenye maji, majani na vioo kabla picha haijapigwa. Izungushe polepole ukitazama. Angani hufanya kazi zaidi ukiwa umeliweka jua begani, yaani nyuzi 90 kutoka uelekeo wa kamera. Inakula hatua 1 hadi 2 za mwanga, kwa hiyo ivue ukiingia kivulini. Kwenye lenzi pana kuliko 24 mm anga hutoka na doa jeusi upande mmoja, na hakuna njia rahisi ya kulisahihisha.

Filta nyeusi za ND hupunguza mwanga ili shata ikae wazi muda mrefu na maji yawe kama hariri. ND8 ni hatua 3, ND64 ni 6, ND1000 ni 10. Kama bila filta kipimo ni 1/60, ND1000 itakupa sekunde 16 hivi. Utaratibu wake una mpangilio usiobadilika: simamisha tripodi, panga fremu, shika fokasi, hamisha fokasi kuwa ya mkono, ndipo ufunge filta. Ukiifunga kwanza, kamera inaweza kushindwa kuona kitu cha kulenga. Tumia kipima muda cha sekunde 2 au rimoti. Kwenye kamera ya kioo (DSLR), ziba tundu la kutazamia, kwani mwanga huingilia huko nyuma. Zaidi ya sekunde 30 kamera nyingi zinataka modi ya B, ambayo shata hubaki wazi mpaka uiachie. Zile ND za kuzungusha ni rahisi kwa video, ila ukizizungusha hadi mwisho zinachora msalaba mweusi, hasa kwenye lenzi pana.

Kipenyo cha filta kimeandikwa kwenye lenzi baada ya alama ya ø: 52, 58, 67, 77 na kadhalika. Nunua filta moja ya lenzi yako kubwa kuliko zote na pete za kupandishia kipenyo kwa zile ndogo, na ukubali kwamba kofia ya lenzi ya kukinga jua haitakaa pete ikiwepo. Filta ikikwama, usiibane kwa nguvu: pete ya chuma hupinda ikawa yai na kuuma zaidi. Zungushia mpira mpana wa kufungia vitu, shika kwa vidole vyote kwa wepesi, na zungusha.

Vitu vya mbali

Wachezaji wakikimbia wanataka 1/1000, ndege arukaye 1/2000. Lenzi za 70–300 zinatosha kwa uwanja mdogo mchana. Kwa ndege, 100–400 au 150–600 ndiyo huanza kuridhisha. Kikuzaji (teleconverter) kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, cha 1.4 hupoteza hatua 1 na cha 2 hupoteza hatua 2, hivyo lenzi ya f/5.6 inageuka f/11, na fokasi ya otomatiki ya kamera nyingi za kioo inagoma hapo. Hakikisha pia kinaingia, kwa sababu vingine vina kioo kilichojitokeza mbele ambacho kitagonga kioo cha nyuma cha lenzi isiyotengenezewa. Kuhusu picha za mchana wa jua kali juu ya lami au uwanda mkavu: mawimbi ya joto yanavuruga kila kitu kilicho mbali, na lenzi ya gharama yoyote italeta uji uleule. Piga asubuhi, au sogea karibu.

Vitu vidogo sana

Pete za kurefusha, zisizo na kioo ndani, ndiyo njia ya bei nafuu. Gawanya urefu wa pete kwa milimita za lenzi upate ukuzaji unaoongezeka: 36 kwa 50 ni 0.72. Chagua zenye vituo vya umeme, la sivyo kamera haitaweza kuendesha tundu wala fokasi. Lenzi halisi ya makro hufika 1:1, yaani kitu hutua kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, na ya 100 mm inakuacha mbali na mdudu kuliko ya 60 mm. Kwa 1:1 na f/8, kina cha ukali hakizidi milimita 1 hivi, kwa hiyo achana na pete ya fokasi. Yumbisha mwili wako mbele na nyuma taratibu na upige mfululizo.

Tripodi

Vuta kwanza vipande vinene vya miguu, vyembamba vifuate, na nguzo ya kati iwe ya mwisho kabisa. Mguu mmoja uelekee upande wa lenzi. Uwezo wa kubeba ulioandikwa uwe angalau mara mbili ya uzito wa kamera na lenzi. Lenzi ndefu ifungwe kwa kola yake yenyewe, pete ya lenzi inayokaa kwenye tripodi. Kidhibiti mtikisiko kizime, hasa kwenye lenzi za zamani, kwani hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha.

Je, lenzi itaingia kwenye kamera yako?

Lenzi ya Canon EF imeundwa kukaa 44 mm kutoka kwenye kihisi, ya RF, ya kamera zisizo na kioo, 20 mm. Pengo la 24 mm ndilo linalotoa nafasi ya adapta, ndiyo maana EF inakaa kwenye kamera ya RF na kinyume chake hakiwezekani. Nikon ni vivyo hivyo: F ni 46.5 mm, Z ni 16. Lenzi za Canon EF-S hazifungi kwenye kamera za kioo zenye kihisi kamili. Kamera kama Nikon D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za AF-D zitafungika lakini utalenga kwa mkono.

Ya mtumba, na utunzaji

Unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Hifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, unyevu ukiwa asilimia 40 hadi 50. Ukitoka kwenye baridi ya kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, acha begi limefungwa kwa nusu saa ili mvuke usigande kwenye kioo. Kusafisha: pulizia kwanza vumbi, kisha dondoshea dawa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo.

Ukinunua iliyotumika, fungua tundu lote na mulika tochi kwa nyuma huku ukitazama kwa mbele kwa mshazari. Nyuzi kama utando ni kuvu, ikatae. Vumbi kidogo halidhuru. Tazama mapanga ya tundu: mafuta yanayong'aa juu yake huyafanya yafunge kwa kuchelewa na picha kutoka nyeupe kupita kiasi. Zungusha pete zote usikilize mchanga. Mwisho, weka kamera kwenye tripodi sambamba na ukuta wa matofali, piga kwa tundu lililo wazi kabisa, na ulinganishe kona nne. Zote zikilainika kwa usawa ni kawaida. Kona moja au upande mmoja ukififia kuliko mingine, rudia kipimo ukiwa na hakika kamera imenyooka, na ikiendelea hivyo mrudishie mwenyewe lenzi yake.